Herufi Moja Katika Ini: Jinsi Ukungu wa Mahindi Unavyoharibu Maagizo ya Mwili

Kila mwaka mavuno ya msimu wa mvua za masika yanapoanza kuingia nyumbani, maswali mawili hurudi katika mabaraza ya machifu na katika ofisi za kilimo za wadi zetu. La kwanza: mahindi yaliyoshika ukungu, nikiyaosha na kuyachemsha vizuri, si yatafaa kwa githeri? La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: ikiwa kweli ni sumu, mbona nimeyala tangu utotoni na bado niko hapa?

Swali la kwanza lina jibu fupi: hayatafaa. Sumu inayoachwa na ukungu huo, iitwayo aflatoksini au sumukuvu, haiondolewi na moto wa jikoni. Sufuria huchemka kwa joto la chini sana ya lile linaloweza kuivunjavunja sumu hiyo. Maji ya kuosha huondoa vumbi na ukungu wa juu, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hubaki.

Swali la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, na ndilo tunalotaka kulijibu katika toleo hili. Wakaazi wengi wa Embu, na majirani wetu wa Meru, wanajua kwamba sumukuvu inaua. Wachache wamewahi kuelezwa jinsi inavyoua polepole, kwa miaka mingi, kwa kubadilisha herufi moja tu katika maandishi ambayo mwili huyatumia kujijenga.

Kifo cha haraka na kifo cha polepole

Kifo cha haraka tunakikumbuka. Mwaka 2004, katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, ambao wakati huo ulijumuisha pia Embu na Meru, watu walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano, tumbo linalouma na kutapika. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Mahindi yao yalikuwa yamevunwa wakati mvua zilipowahi kunyesha, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, na ukungu ukafanya kazi yake. Hilo halikuwa tukio la kwanza nchini. Mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa huko Machakos kwa sababu hiyo hiyo, na 12 kati yao wakafariki.

Katika visa kama hivyo sumu huwa nyingi mno, na ini hushindwa katika siku au wiki chache. Kwa familia nyingi, hata hivyo, hatari haiji kwa namna hiyo. Huja kidogo kidogo, katika ugali wa leo, uji wa kesho na githeri ya kesho kutwa. Hakuna anayeugua siku hiyo. Miaka ishirini au thelathini baadaye, mtu huambiwa ana saratani ya ini, na hakuna anayekumbuka gunia la mahindi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku nayo imo katika kundi hilo.

Ili tuelewe kinachotokea katika miaka hiyo ya kimya, tuingie ndani ya seli moja ya ini.

Daftari, nakala na kiwanda

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina daftari la maagizo liitwalo DNA. Daftari hili limeandikwa kwa herufi nne pekee: A, T, G na C. Herufi hizo ni kemikali, na zimepangwa katika uzi mrefu wenye takriban herufi bilioni 3. Sehemu ya uzi yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani huitwa jeni.

Kinachotengenezwa kwa maagizo hayo, mara nyingi, ni protini. Watu wengi wakisikia neno protini hufikiria maharagwe, ndengu na mayai. Hiyo ni sawa, lakini ndani ya mwili protini ni zaidi ya chakula. Ndizo zinazobeba hewa katika damu, zinazokaza misuli, zinazomeng'enya ugali tumboni na zinazolinda seli zisizaane ovyo. Kwa ufupi, protini ndizo wafanyakazi wa mwili.

Kazi ya kuzitengeneza huenda hivi. Daftari kuu halitolewi nje ya chumba chake, ambacho ni kiini cha seli. Badala yake seli hunakili ukurasa mmoja unaohitajika. Nakala hiyo huitwa RNA, na ndani yake herufi T huandikwa kama U. Nakala hutoka na kwenda kwenye kiwanda kidogo kiitwacho ribosomu. Hapo ribosomu huisoma nakala herufi tatu kwa wakati mmoja. Kila kundi la herufi tatu ni neno moja, na kila neno hutaja asidi amino moja. Asidi amino ni kama shanga. Ziko za aina 20, na kiwanda huzitunga moja baada ya nyingine katika uzi kufuata mpangilio wa maneno. Yapo pia maneno matatu yasiyotaja shanga yoyote. Hayo husema: simama hapa, kazi imekwisha.

Uzi wa shanga ukikamilika hujikunja wenyewe na kupata umbo lake. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake, kama vile umbo la ufunguo linavyoamua utafungua kufuli gani. Shanga moja ikiwa si yake, ufunguo unaweza kupinda.

Sentensi ya herufi tatu tatu

Mabadiliko katika herufi za DNA huitwa mutesheni. Si kila mutesheni ina madhara, na hapa mfano wa Kiswahili unaweza kusaidia. Chukua sentensi hii yenye maneno ya herufi tatu tatu:

mtu ana uji pia yai

Badilisha herufi moja tu, j iwe z:

mtu ana uzi pia yai

Sentensi bado inasomeka. Kiwanda hakitaona kosa lolote, kitaendelea kutunga shanga zake kama kawaida. Lakini mtu aliyekuwa na uji sasa ana uzi, na uzi haunyweki. Shanga moja imebadilika, nyingine zote ziko sawa, na bado protini inaweza kushindwa kazi.

Sasa, badala ya kubadilisha herufi, iondoe moja. Ondoa t katika neno la kwanza, kisha usome tena tatu tatu:

mua nau jip iay ai

Neno la kwanza limegeuka kuwa muwa kwa bahati tu, na yote yaliyofuata yameharibika. Hivyo ndivyo inavyokuwa herufi moja ikipotea katika jeni: kila neno baada yake husogea na kupoteza maana, na protini inayotoka kwa kawaida haifai kitu.

Kuna namna ya tatu. Herufi moja ikibadilika inaweza kugeuza neno la kawaida kuwa neno la kusimama. Kiwanda hutunga shanga chache, hufika hapo na kuacha kazi, na protini hutoka ikiwa nusu.

Namna ya nne haina madhara. Maneno ya DNA ni 64 ilhali shanga ni 20 tu, hivyo shanga nyingi zina majina zaidi ya moja. Ni kama wewe kuandika mkaazi na jirani yako kuandika mkazi. Herufi si sawa, lakini kila msomaji anaelewa mtu yule yule. Mabadiliko ya aina hii hupita bila protini kubadilika.

Sumu inapofika katika ini

Kuvu inayotengeneza aflatoksini huitwa Aspergillus flavus. Huishi katika udongo na mabaki ya mimea, na hupenda mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, kutobolewa na wadudu au kuhifadhiwa na unyevu. Dunia iliifahamu sumu hii baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu kutoka Brazil.

Ukila mahindi yenye sumu hiyo, damu huipeleka kwenye ini, kwa kuwa ini ndilo hushughulikia sumu nyingi za mwili. Likijaribu kuivunja, ini huigeuza kwanza kuwa kemikali kali zaidi inayopenda kushikamana na vitu. Kemikali hiyo inaweza kunata kwenye herufi G ya DNA.

Mara nyingi seli hugundua uharibifu huo na kuurekebisha. Ndiyo sababu sahani moja ya githeri mbaya haimpi kila aliyeila saratani. Lakini seli ikijigawa kabla ya kurekebisha, inalazimika kunakili daftari lenye herufi iliyobanduka. Mnakili huisoma vibaya, na mahali palipokuwa na G panaandikwa T. Kuanzia hapo seli mpya zote zinazotokana na ile ya kwanza hubeba kosa hilo. Ni kama karani aliyenakili hatimiliki na kukosea nambari ya shamba: nakala zote zitakazotolewa kutoka kwenye nakala yake zitakuwa na nambari isiyo sahihi.

Swali linalobaki ni kosa hilo limeangukia ukurasa gani.

Mlinzi aliyepoteza mshiko

Katika kromosomu ya 17 kuna jeni iitwayo TP53. Maagizo yake hutengeneza protini iitwayo p53, yenye shanga 393. Kazi ya p53 ni ulinzi. DNA ya seli ikiumia, p53 huikamata DNA hiyo, kuwasha jeni za ukarabati na kuizuia seli isijigawe hadi itengenezwe. Uharibifu ukizidi, p53 huiamuru seli ijiue kwa faida ya mwili mzima. Seli isiyo na mlinzi huyu hujigawa hata ikiwa imeharibika, na huo ndio mwanzo wa njia ya saratani.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Kundi moja lilichunguza uvimbe wa saratani ya ini kutoka Qidong, China, na la pili kutoka kusini mwa Afrika. Zote mbili ni sehemu ambazo watu walikuwa wakila vyakula vyenye sumukuvu. Ingawa wagonjwa walitoka pembe mbalimbali za dunia, katika wengi wao lilionekana kosa lile lile, mahali pale pale: neno la 249 la jeni ya TP53. Neno hilo huandikwa AGG, ambalo hutaja shanga iitwayo arginini. Kwa wagonjwa hao lilikuwa limeandikwa AGT, ambalo hutaja shanga nyingine, serini.

G moja ilikuwa imegeuka T. Shanga moja kati ya 393 ilikuwa imebadilika.

Arginini ile ya 249 husaidia kushikilia umbo la sehemu ya p53 inayoikamata DNA. Ikibadilishwa kuwa serini, sehemu hiyo hulegea na mlinzi hupoteza mshiko wake. Protini inatengenezwa, kiwanda hakijasimama, uzi una urefu wake kamili, lakini kazi haifanyiki. Uji umegeuka uzi.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule anayeuliza mbona hajafa. Sumukuvu inayoliwa kidogo kidogo haihitaji kukulaza kitandani ili ikudhuru. Kila mlo ni kama kurusha jiwe gizani kuelekea daftari lenye herufi bilioni 3. Mawe mengi hayagongi kitu cha maana. Anayerusha kila siku kwa miaka thelathini yuko katika hali tofauti na aliyerusha mara moja.

Virusi vinavyozidisha hatari

Kuna jambo lingine ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Homa ya ini aina ya B, inayoletwa na virusi, hufanya kazi bega kwa bega na sumukuvu. Virusi hivyo hufanya seli za ini zife na kuzaliwa upya mara kwa mara, na tumeona kwamba kosa huingia wakati seli inaponakili daftari lake. Kadiri zinavyonakili, ndivyo makosa yanavyozidi.

Utafiti uliofanywa Shanghai, China, na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwafuatilia maelfu ya wanaume. Waliokuwa na dalili za sumukuvu mwilini walikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 ya wenzao. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, takriban mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, takriban mara 60.

Chanjo ya homa hiyo imo ndani ya chanjo anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usiikose hata moja. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa utotoni anaweza kuomba kupimwa na kushauriwa hospitalini. Huwezi kuona kilichomo ndani ya kila punje unayokula, lakini kitabu cha chanjo cha mtoto wako unaweza kukifungua leo.

Si laana, wala si urithi

Mgonjwa wa saratani ya ini akifa haraka, na pengine ndugu yake akamfuata miaka michache baadaye, maneno huanza kijijini. Wengine husema ni laana, wengine kwamba ni ugonjwa wa ukoo ule. Ni vyema kutenganisha mambo mawili.

Zipo mutesheni za kurithi. Ugonjwa wa selimundu ni mfano wake: herufi moja imebadilika katika jeni ya himoglobini, mabadiliko hayo yako katika kila seli tangu mimba kutungwa, na mtoto hupata ugonjwa akipokea nakala yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mutesheni inayoletwa na sumukuvu si ya aina hiyo. Hutokea ndani ya ini la mtu aliyekwisha kuzaliwa, na haimo katika mbegu za uzazi, hivyo hairithishwi kwa watoto. Ndugu wawili wakipata ugonjwa huo, sababu yaweza kuwa walikula kutoka ghala moja, au waliambukizwa virusi vya ini katika nyumba moja.

Herufi iliyogeuka ikatufaa

Mutesheni si adui siku zote. Kuvu nayo ina DNA yake, na ili itengeneze sumu inahitaji protini zake zifanye kazi kwa zamu. Moja ikikosekana, sumu haitoki.

Katika mashamba ya Arizona, Marekani, watafiti waligundua kuvu ya jamii ile ile ya Aspergillus flavus isiyotengeneza sumu. Walipoisoma DNA yake walikuta herufi moja imebadilika na kugeuza neno la kawaida kuwa neno la kusimama. Kiwanda cha kuvu hiyo huacha kazi njiani, na protini ya kuanzishia sumu haikamiliki. Kuvu hiyo, iliyopewa jina AF36, hutandazwa mashambani kwa makusudi ili ichukue nafasi ya ile yenye sumu.

Hapa Kenya, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, likishirikiana na taasisi ya kimataifa ya IITA na Idara ya Kilimo ya Marekani, lilitafuta kuvu za humu nchini zisizotengeneza sumu. Matokeo yake ni Aflasafe KE01, inayotengenezwa katika kituo cha KALRO Katumani, Machakos. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu hizo. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu njema huota kwanza na kuinyima ile mbaya nafasi. Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako jinsi ya kuipata kabla ya msimu ujao, kwa sababu ikishapita wakati wa maua, umechelewa.

Mambo ya kufanya kuanzia shambani hadi sufuriani

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Shirika la Viwango nchini, KEBS, ni sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja za mahindi. Katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja. Jicho haliwezi kuona wala pua kunusa kiasi kama hicho, na hata viwanda huteleza: Novemba 2019 KEBS ilisimamisha uuzaji wa chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii. Kwa hivyo kinga yetu kubwa ni kuizuia kuvu isikue.

Vuna kwa wakati. Mahindi yakikomaa, yaondoe shambani. Yanayoachwa kwenye mabua hadi mvua nyingine hupata unyevu na wadudu.

Usiyalaze juu ya udongo. Udongo ndio makao ya kuvu. Tumia turubai, mkeka au kichanja, iwe wakati wa kuvuna au wa kuanika.

Kausha kikamilifu. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa wakaazi wa sehemu za juu za Manyatta, Runyenjes na Imenti, baridi na manyunyu ya Julai na Agosti huleta shida. Usikate tamaa na kuyatia gunia yakiwa nusu. Uliza katika ofisi ya kilimo ya wadi kuhusu vipima unyevu na mashine za kukaushia. Mbeere na Tharaka jua lipo, lakini mahindi yaliyokauka mchana yakiachwa nje usiku hunywa umande. Yafunike au yaingize ndani jioni.

Jaribu kwa chumvi. Weka chumvi kavu vijiko vichache katika chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi kiasi cha nusu chupa, funga na utikise vizuri, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayako tayari. Isiponata, umekaribia, lakini endelea kuanika siku moja au mbili zaidi.

Pukuchua kwa uangalifu. Kupiga magunzi kwa fimbo hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu.

Hifadhi juu ya mbao. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yale yasiyopitisha hewa huzuia fukusi na unyevu, lakini hayakaushi mahindi. Ukiyatia mabichi, yataoza ndani.

Chambua kabla ya kusaga. Sumu nyingi hukaa katika punje chache. Kutoa zilizooza, zilizopasuka, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Kukoboa, kama tunavyofanya kwa muthokoi, nako hupunguza, ingawa hakumalizi.

Usimpe ng'ombe mahindi yaliyooza. Sumu hupita mwilini mwake na kutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Kuku na mbwa nao huathirika. Kuyatumia kutengenezea pombe si njia ya kuyaokoa.

Nyumba yenye gunia moja

Tunajua kwamba ushauri wa kutupa mahindi ni mwepesi kwa mwenye magunia kumi. Kwa mama mwenye gunia moja la kufikia mavuno yajayo, ni uamuzi mzito, na hatutamwambia kwamba ni rahisi. Tunachoweza kumwambia ni hiki: usitupe gunia zima kabla ya kulichambua, na usile gunia zima bila kulichambua. Yatenge yaliyoharibika, yaliyobaki yaanike upya, na ukiweza uchanganye mlo wako na mtama, wimbi, viazi, ndizi au maharagwe ili siku nzima isitegemee mahindi peke yake. Nyumba ikiishiwa kabisa, mweleze chifu au afisa wa wadi mapema, ili jina lako lifikiriwe katika mipango ya misaada ya chakula.

Mtu akianza kutapika, kuumwa na tumbo, kupata macho ya manjano au kuvimba miguu na tumbo, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na ubebe kiasi cha mahindi mliyokula. Sumu hii haina dawa ya kuifuta mwilini, lakini daktari akijua mapema anaweza kumsaidia mgonjwa, na mahindi hayo yanaweza kuziokoa nyumba nyingine zilizonunua kutoka kwa mfanyabiashara yule yule.

Herufi ikishageuka ndani ya ini, hakuna hospitali ya Embu, Meru wala Nairobi inayoweza kwenda kuisahihisha. Mahali pa kuilinda ni huku nje, juu ya turubai, wiki mbili za kwanza baada ya kuvuna. Msimu huu, kabla hujafunga gunia lako la kwanza, tikisa ile chupa ya chumvi.